Riba yashuka Maputo, pwani ya Cabo Delgado yasubiri noti

Kwa karibu miaka miwili mfululizo Benki Kuu ya Msumbiji imekuwa ikipunguza riba yake. Katika wilaya za Palma na Mocímboa da Praia, hata hivyo, uzito wa benki hiyo haupimwi kwa riba. Hupimwa kwa noti, kwa kitambulisho na kwa dola.

Jumapili ya tarehe 22 Machi 2020 ilikuwa siku ya kazi katika makao makuu ya Benki Kuu ya Msumbiji mjini Maputo. Siku hiyo nchi ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa virusi vya corona, na benki hiyo, Banco de Moçambique kwa jina lake rasmi, ikatangaza hatua za kuzuia mtikisiko wa uchumi. Miongoni mwake ulikuwamo mkopo wa dola za Kimarekani milioni 500 uliotengwa kwa ajili ya benki za biashara, pamoja na nafuu kwa benki zitakazopanga upya madeni ya wateja wao. Alfajiri ya siku iliyofuata, kwenye ncha ya pili ya nchi, wapiganaji waliingia Mocímboa da Praia, wakaushikilia mji kwa saa kadhaa, wakachoma majengo ya serikali na kuvamia matawi ya benki.

Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Waliokutana Maputo walikuwa na janga la dunia nzima mbele yao, na hakuna aliyejua kitakachotokea alfajiri. Hata hivyo, mfuatano huo wa siku mbili unaonyesha jambo ambalo limedumu hadi leo: maamuzi ya Benki Kuu huandikwa kwa kudhani kwamba kila mahali pana tawi la benki lililo wazi, barabara inayopitika na mteja mwenye karatasi zake. Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado imekosa vyote vitatu kwa nyakati mbalimbali tangu mashambulizi ya kwanza ya tarehe 5 Oktoba 2017.

Kutoka Maputo hadi Palma ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara. Mkazi wa Palma yuko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko na mji mkuu wa nchi yake, na lugha anayoisikia sokoni, iwe Kimwani, Kimakwe au Kiswahili, ni ya pwani ile ile inayoendelea hadi Mtwara, Lindi na Kilwa. Umbali huo si wa ramani peke yake.

Riba iliyoshuka hatua kwa hatua

Uongozi wa Benki Kuu ya Msumbiji una ngazi ambazo wasomaji wa Afrika Mashariki watazitambua mara moja. Gavana na naibu wake huteuliwa na Rais wa Jamhuri. Gavana wa sasa, Rogério Zandamela, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, alishika wadhifa huo mwaka 2016, nchi ilipokuwa katika mshtuko wa madeni ya siri ya takriban dola bilioni 2. Muhula wake wa pili wa miaka 5 ulianza mwaka 2021. Bodi ya wakurugenzi husimamia utawala wa benki, leseni, miongozo na utoaji wa noti, huku Kamati ya Sera ya Fedha, inayojulikana kwa kifupi cha Kireno cha CPMO, ikikutana kila baada ya miezi miwili kupanga riba.

Ni vikao vya kamati hiyo vinavyopata vichwa vya habari. Mfumuko wa bei ulipokaribia asilimia 13 mnamo Agosti 2022, kamati iliipandisha riba ya msingi hadi asilimia 17.25 mwezi uliofuata, na ikaiacha hapo kwa mwaka mzima wa 2023. Kuanzia Januari 2024 ikaanza kuteremka, kwanza hadi asilimia 16.5, kisha kikao baada ya kikao, hadi asilimia 12.75 kufikia Novemba mwaka huo. Mwaka 2025 mwendo ulikuwa uleule. Septemba riba ilikuwa asilimia 9.75, na uamuzi wa mwisho wa mwaka, uliotolewa Novemba, uliifikisha asilimia 9.5. Kwa kulinganisha, riba ya Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa asilimia 5.75 tangu Julai 2025.

Kwa mwekezaji wa Maputo au Matola hizi ni habari njema, ingawa riba anayotozwa mkopaji wa kawaida hubaki juu zaidi ya hiyo ya msingi. Kwa mvuvi wa Mocímboa da Praia, mtu anaweza kuuliza kwa haki: mkopo upi huo uliopungua bei? Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya dola na haiuzwi wala kuwekwa rehani. Raia hupata haki ya kuitumia tu. Dhamana ya mkopo huwa ni nyumba, mashine, chombo au mshahara. Nyumba nyingi za pwani hiyo zilichomwa. Vyombo vilipotea au viliporwa, na wapiganaji bado huwateka wavuvi baharini na kudai fidia. Mshahara, mbali na wa serikali, mashirika ya misaada na kambi ya gesi ya Afungi, ni jambo adimu. Riba inaweza kushuka hadi asilimia 5 na mtu huyo asiwe na cha kupeleka mbele ya ofisa wa mikopo.

Kuna uamuzi mwingine uliofanya kazi kimyakimya kinyume na ulegezaji huo. Mwaka 2023 Benki Kuu ilipandisha kiwango cha akiba ya lazima, yaani sehemu ya amana ambayo kila benki ya biashara hutakiwa kuiweka kwake, hadi asilimia 39 kwa amana za metikali na asilimia 39.5 kwa amana za fedha za kigeni. Maana yake ni rahisi kuelezea. Katika kila metikali 100 alizoweka mteja, 39 zililala Maputo. Benki iliyobakiwa na 61 huzipeleka mahali penye faida ya hakika, aghalabu kwenye hati fungani za serikali ambazo nazo zimeongezeka mno, na si kufungua upya tawi katika mji ulioporwa. Viwango hivyo havikuguswa hadi Januari 2025, vilipopunguzwa kuwa asilimia 29 na 29.5. Maelezo ya benki yalikuwa kwamba uchumi uliotikiswa na vurugu za baada ya uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba 2024 ulihitaji fedha zaidi. Hoja ina mantiki. Lakini Cabo Delgado ilikuwa imetikiswa kwa zaidi ya miaka saba kabla ya hapo, na mwezi mmoja tu kabla ya uamuzi huo, tarehe 15 Desemba 2024, kimbunga Chido kilikuwa kimepiga wilaya ya Mecúfi, kusini mwa Pemba.

Hapa haki inataka isemwe kwamba benki kuu haina chombo cha kutengeneza riba ya mkoa mmoja. Sarafu ni moja, na riba ni moja. Anayemlaumu Gavana kwa kutoitazama Palma anapopanga riba anamlaumu kwa jambo lisilo katika uwezo wake. Lililo katika uwezo wake, na wa bodi yake, ni lile ambalo halitangazwi kwa mbwembwe: noti zinafikaje, nani anaruhusiwa kuzitoa, na mteja anaulizwa nini kabla ya kupewa.

Noti zinavyosafiri

Noti hutoka Benki Kuu, huingia katika benki za biashara, husafirishwa hadi matawini, na kutoka huko humfikia mwenye duka, mwalimu, na wakala wa fedha za simu. Kila kiungo cha mnyororo huo kilikatika kaskazini. Mocímboa da Praia ilianguka mikononi mwa wapiganaji Agosti 2020 na ikakaa hivyo kwa takriban mwaka mmoja, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoirejesha tarehe 8 Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na huko nako benki zilikuwa miongoni mwa shabaha za mwanzo. Kufikia mwishoni mwa 2022 waliokimbia makazi yao kutokana na vita walikuwa wamepita milioni moja. Wengi wamerudi tangu hapo, na huduma nazo zimerudi polepole nyuma yao.

Kurudi huko hakujawa kwa utulivu. Barabara kuu ya N380, inayopanda kutoka kusini kupitia Macomia kuelekea Awasse na Mocímboa, imeona mwaka 2025 wapiganaji wakisimamisha magari na kudai fedha kabla ya kuyaachia. Septemba mwaka huo mashambulizi yalifika tena ndani ya mji wa Mocímboa da Praia. Benki yoyote inayopeleka sanduku la noti katika mazingira hayo huhesabu gharama za ulinzi na bima, na hesabu hiyo humrudia mteja kwa sura ya mashine isiyo na fedha na foleni ya mwisho wa mwezi.

Ndiyo sababu uamuzi mmoja wa mwaka 2024, ambao Maputo uliandikwa kama sherehe, ulikuwa na uzito wa pekee katika pwani hii. Tarehe 16 Juni 2024, siku ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa metikali mwaka 1980, Benki Kuu iliingiza katika mzunguko noti na sarafu za toleo jipya. Kilichomhusu mkazi wa Quissanga au Ibo hakikuwa rangi wala michoro, bali kifungu kilichosema kwamba noti za zamani zingeendelea kutumika sambamba na mpya.

Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba mwaka 2019 noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipewa muda wa kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba tu, na iliyobaki nje ya benki tarehe 1 Oktoba ikawa karatasi. Tanzania nayo ilitoa siku 90, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kubadilisha noti zake za matoleo ya 1985 hadi 2003. Katika nchi zenye matawi ya benki katika kila wilaya, taratibu hizo huleta usumbufu na malalamiko, na mambo huisha. Kaskazini mwa Cabo Delgado utaratibu kama huo ungefuta akiba ya watu ambao wamebeba fedha zao kwenye pindo la kitenge kutoka kijiji hadi kisiwa, na kutoka kisiwa hadi kambi. Bodi haikuweka tarehe ya mwisho. Sijaona mahali ambapo imepongezwa kwa hilo, labda kwa sababu uamuzi wa kutofanya jambo hauna picha ya kupigwa.

Kitambulisho kilichoungua

Pale ambapo benki haipo, simu imejaribu kuziba pengo. M-Pesa ya Vodacom, e-Mola ya Movitel na mKesh zimekuwa njia ya kupokea msaada, kutuma ada ya shule na kulipia samaki. Kampuni zinazoziendesha hufanya kazi kwa leseni ya Benki Kuu, na ni miongozo ya benki hiyo inayosema mteja atambuliwe vipi na miamala yake iwe na ukomo gani.

Oktoba 2022 Msumbiji iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi. Kwa nchi yenye uasi unaojinasibisha na kundi linalojiita Dola la Kiislamu, sehemu ya pili ya jina hilo haikuwa nadharia. Uchunguzi wa masuala ya usalama ulikuwa umetaja fedha za simu kuwa miongoni mwa njia zilizotumika kupitishia fidia na michango kwa wapiganaji. Serikali ilirekebisha sheria mwaka 2023, Benki Kuu ikabana usimamizi, na Oktoba 2025 nchi ikaondolewa katika orodha hiyo. Yalikuwa mafanikio ya kweli, kwani benki za nje huiogopa nchi iliyomo kwenye orodha, na gharama za kutuma fedha hupanda.

Bei yake nayo ilikuwa ya kweli. Kanuni inayomtaka wakala amtambue mteja kwa kitambulisho cha taifa ni sahihi mahali ambapo watu wana vitambulisho. Maelfu ya waliokimbia walitoka na nguo walizovaa, na katika baadhi ya wilaya ofisi za usajili wa raia, pamoja na vitabu vya kumbukumbu za vizazi, vilichomwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, limefanya kazi kubwa ya kuwasaidia waliohamishwa kupata hati upya. Hata hivyo, kila wimbi jipya la mapigano huanzisha foleni mpya. Julai 2025 peke yake mashambulizi katika wilaya ya Chiúre, kusini mwa mkoa, yaliwafanya zaidi ya watu 40,000 kuyahama makazi yao.

Asiye na hati haachi kutumia fedha. Hutumia laini ya jirani, hupitisha msaada wake kwenye simu ya shemeji, humlipa mtu kamisheni kwa kuazima jina. Kwa njia hiyo kanuni iliyokusudiwa kuonyesha fedha zinakokwenda huishia kuficha mwenye nazo, na mzigo wa ada humwangukia yule aliyekwisha kupoteza zaidi. Kama kuna eneo ambalo bodi ingeweza kuandika mwongozo mahususi kwa mikoa ya vita, wenye viwango vidogo vya miamala na utambulisho wa muda unaothibitishwa na viongozi wa mtaa au mashirika ya misaada, ni hapa. Haigusi riba na haigusi thamani ya metikali. Inahitaji kikao kimoja na karatasi mbili tatu.

Mithkali, rupia na shilingi

Neno metikali lenyewe ni la pwani hii. Ni mithkali, kipimo cha dhahabu kilichotumika katika biashara ya Sofala na Kilwa kabla ya Mreno yeyote kufika. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu, na kutokana na dhahabu hiyo kilifuliwa chombo cha ibada, kilichokamilika mwaka 1506, ambacho hadi leo ni miongoni mwa hazina za Lisbon. Nchi huru ya Msumbiji ilipotafuta jina la kuifuta escudo ya kikoloni, ililiokota pale lilipokuwa limelala.

Na pwani haijawahi kuwa ya sarafu moja. Rupia zilizunguka hapa katika karne ya 19, na wafua fedha wa kisiwa cha Ibo walijulikana kwa kuyeyusha sarafu kuukuu na kuzigeuza mikufu na vipuli. Katika wakati wetu ni shilingi ya Tanzania iliyozoeleka Palma, kwa sababu bidhaa zake, kuanzia sabuni na mafuta ya kupikia hadi kanga, zilivuka mto Ruvuma kutoka Mtwara. Vita vilikata biashara hiyo kwa miaka. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka hadi kijiji cha Kitaya upande wa Tanzania, na ulinzi wa mpakani ukawa mkali pande zote mbili.

Inapofufuka, biashara hiyo inakutana na taratibu za benki kuu mbili. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mfanyabiashara wa Palma anayenunua Mtwara lazima apate shilingi kwanza, benki au kwenye duka la kubadilishia fedha. Kwa upande wake wa mto, dola ni bidhaa adimu. Kiwango rasmi cha metikali kimeganda karibu 64 kwa dola moja kwa miaka kadhaa, IMF imekuwa ikishauri kilegezwe, na waagizaji wa bidhaa wamelalamika tangu mwaka 2023 kwamba benki haziwapi dola wanazoomba. Katikati ya mwaka huo huo Benki Kuu iliacha kuchangia dola za kulipia mafuta yanayoagizwa, ikisema benki za biashara zinaweza kuubeba mzigo huo zenyewe.

Mtu atauliza kwa nini metikali na shilingi zisibadilishwe moja kwa moja, ilhali nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC. Mfumo wa malipo wa jumuiya hiyo upo tangu mwaka 2013, lakini hulipana kwa randi na huendeshwa na Benki Kuu ya Afrika Kusini. Fedha inayotoka ukingo mmoja wa Ruvuma kwenda wa pili ingelazimika kupitia Pretoria. Mwenye jahazi hana subira hiyo. Hubadilishana na mwenzake papo hapo, kwa bei wanayokubaliana wawili, na hakuna benki kuu inayoandika.

Dola zilizo baharini

Wakati huohuo, upeo wa macho kutoka Palma umejaa dola. Meli ya kuchakata gesi ya Coral Sul, inayoongozwa na kampuni ya Eni ya Italia na yenye uwezo wa tani milioni 3.4 kwa mwaka, ilisafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022 bila gesi hiyo kugusa nchi kavu. Oktoba 2025 uamuzi wa kujenga ya pili, Coral Norte, ulitiwa saini. Na Novemba 2025 TotalEnergies ya Ufaransa iliondoa tamko la dharura lililokuwa limesimamisha mradi wake wa Afungi, wa dola bilioni 20, tangu Aprili 2021.

Miradi hiyo huendeshwa chini ya utaratibu maalumu wa kisheria uliowekwa mwaka 2014, unaowapa wawekezaji ruhusa ya kuwa na akaunti nje ya nchi na kulipia gharama zao kutoka huko. Ni masharti ya kawaida katika mikataba mikubwa ya aina hiyo. Wakopeshaji wa kimataifa wasingetoa fedha bila hayo. Lakini pia ndiyo maana dola za gesi zinaweza kuzalishwa mbele ya macho ya Palma na bado mwenye duka la Palma akaambiwa dola hakuna.

Sehemu ya dola hizo inayokuwa ya serikali huingia mikononi mwa Benki Kuu kwa mlango mwingine. Sheria ya Mfuko wa Utajiri wa Taifa, iliyopitishwa na bunge Desemba 2023 na kuchapishwa Januari 2024, inasema kwamba katika miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato ya gesi itawekwa katika mfuko na asilimia 60 itakwenda katika bajeti ya serikali. Baada ya hapo itakuwa nusu kwa nusu. Msimamizi wa shughuli za mfuko ni Benki Kuu. Kando ya hayo, upo utaratibu unaoelekeza asilimia 10 ya kodi ya uzalishaji wa madini na gesi irudi mikoani inakotoka, ikiwemo asilimia 2.75 ya jamii zinazozunguka miradi.

Hapo bodi ya Maputo imepewa kofia mbili. Kwa kofia moja inalinda akiba ya fedha za kigeni na thamani ya metikali. Kwa nyingine inawekeza dola za vizazi vijavyo katika masoko ya nje. Mwaka wenye ukame wa dola, vishawishi vya kuchanganya sanduku hizo mbili vitakuwa vikubwa, na shinikizo halitatoka Palma. Litatoka kwa waagizaji wa mafuta, kwa wizara yenye mishahara ya kulipa na kwa wanaodai hati fungani. Madeni ya siri ya 2013 na 2014, ambayo sehemu yake ilihalalishwa kwa jina la kuilinda pwani hii na kuvua jodari wake, yalipita katika ofisi za serikali kama makaratasi ya kawaida. Yalipofichuliwa Aprili 2016 wafadhili walisitisha misaada, metikali ikaporomoka, na aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alihukumiwa New York Januari 2025 kifungo cha miaka minane na nusu.

Mwaka 2026 muhula wa Zandamela unafikia ukingoni, na Rais Daniel Chapo, aliyeapishwa Januari 2025, atalazimika kuamua nani akae katika kiti hicho. Mjadala wa Maputo utahusu thamani ya metikali, deni la ndani na kasi ya kushusha riba. Atakayeteuliwa atarithi pia hesabu za mfuko, wenye ngwe yake ya kwanza ya miaka 15. Watoto waliozaliwa njiani Machi 2021, wazazi wao wakikimbia kutoka Palma kuelekea Quitunda, Pemba au ukingo wa Ruvuma, watakuwa wametimiza umri wa kupiga kura wakati mgao utakapofika nusu kwa nusu, mwishoni mwa miaka ya 2030. Wengi wao bado hawana cheti cha kuzaliwa cha kumwonyesha wakala.